‘Atazoea tu, ni mtoto’: Kauli ya msibani iliyopimwa Moshi

“Mama amesafiri.” “Usilie, wewe sasa ndiye mwanaume wa nyumba.” “Mwacheni, atazoea tu, ni mtoto.”

Ni msiba gani utakosa kauli hizi? Husemwa kwa nia njema, tena na watu wanaompenda mtoto. Lakini turubai likishashushwa, viti vya kukodi vikirudishwa kwa mwenyewe na ndugu wa Dar es Salaam wakishapanda mabasi yao, mtoto hubaki na kauli hizo pamoja na maswali ambayo hakuna aliyeyajibu. Mama amesafiri kwenda wapi? Mbona nilimwona amelala kwenye jeneza? Baba naye atasafiri lini?

Wazazi na walezi nao wana swali lao. Je, ni kweli mtoto huzoea? Au wapo wanaohitaji kusaidiwa na mtu aliyefunzwa, kwa utaratibu unaoeleweka, kama anavyopelekwa zahanati akipata malaria?

Swali hilo lina jibu, na sehemu ya jibu hilo imetoka hapa hapa Moshi. Halikutoka kwa mtaalamu mmoja aliyekaa redioni kutoa maoni yake. Lilipatikana kwa kupima, kwa njia ileile inayotumika kupima dawa mpya au chanjo. Na kama utakavyoona, si jibu jepesi ambalo waandaaji wa semina wangependa kulitundika ukutani.

Watoto 640 na kura

Kati ya Februari 2013 na Julai 2015, watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Washington na Chuo Kikuu cha Duke, vyote vya Marekani, waliandikisha watoto 640. Nusu yao walikuwa wa Moshi na nusu wa Bungoma, magharibi mwa Kenya, wengine wa mjini na wengine wa vijijini. Hapa Moshi walishirikiana na taasisi ya Tanzania Women Research Foundation, maarufu kwa kifupi TAWREF, na Bungoma walishirikiana na Ace Africa. Waliouongoza ni Shannon Dorsey wa Washington na Kathryn Whetten wa Duke, na matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Psychiatry.

Watoto wote walikuwa na umri wa miaka 7 hadi 13. Wote walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, na wote walikuwa na dalili zilizoonyesha kwamba msiba ule haujawatoka: ndoto za kutisha, kushtuka ovyo, kukwepa kila kinachomkumbusha marehemu, picha ya siku ile kurudi kichwani wakati mwalimu anafundisha. Wataalamu huita hali hiyo kiwewe. Kwa mtoto, mara nyingi haiji peke yake. Huambatana na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka na inayomnyima mtu hamu ya mambo aliyoyapenda, na wasiwasi uliopitiliza.

Kisha ikapigwa kura. Baadhi ya watoto wakapewa tiba ya mazungumzo. Wengine wakaendelea na misaada ya kawaida ambayo yatima wa eneo lao walikuwa wakiipata.

Wapo wanaochukia wakisikia habari ya kura. Mtoto ana shida, iweje bahati iamue nani atibiwe? Ni swali la haki. Lakini wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wanaweza kulijibu kuliko maprofesa. Ukitaka kujua kama miche mipya ya kituo cha utafiti cha Lyamungo inazaa kuliko ile ya zamani, huwezi kuipanda mipya kwenye kihamba kinachopitiwa na mfereji na kuwekewa samadi, ile ya zamani ukaipanda penye ukame, kisha mwisho wa msimu ukashangilia mavuno. Utakuwa umepima maji na samadi, si miche. Kura ndiyo inayowagawa watoto wenye walezi wazuri na wabaya, wenye chakula na wasio nacho, katika pande zote mbili, ili kinachobaki kutofautisha kiwe ni ile tiba.

Kuna sababu nyingine, na hii ndiyo kiini cha makala haya. Watu wengi wenye huzuni hupata nafuu hata wasipofanyiwa chochote. Muda unapita, maisha yanaendelea, shule inafunguliwa. Kwa hiyo yeyote anayetoa tiba, awe daktari, mshauri nasaha, mchungaji, shehe au mganga wa kienyeji, ataona wateja wake wengi wakipona. Na kila mmoja atasema kwa moyo safi kwamba yeye ndiye aliyewaponya.

Moshi yenyewe ni mfano. Kabla ya utafiti huo mkubwa, timu hiyohiyo ilifanya jaribio dogo hapa mjini na viungani kwa watoto 64 waliofiwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Wote walipewa tiba, hakukuwa na kundi la kulinganisha. Dalili zao zilipungua sana, na mwaka mmoja baadaye walikuwa bado na nafuu. Ungeishia hapo, ungeandika ripoti nzuri yenye picha ya watoto wanaocheka. Tutaona punde kwa nini haikutosha.

Ndani ya chumba kulifanyika nini?

Mzazi akisikia “ushauri nasaha” hufikiria mtu mzima anayemwambia mtoto ajipe moyo, amwombe Mungu na asome kwa bidii. Hayo si mabaya, ila siyo tiba hii.

Tiba iliyopimwa ilibuniwa Marekani na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger, awali kwa ajili ya watoto waliofanyiwa ukatili. Kwa Moshi na Bungoma ilirekebishwa ili ifanyike katika vikundi vidogo, mara moja kwa wiki kwa wiki 12, pamoja na vikao vichache vya mtoto peke yake na mshauri wake. Walezi walikuwa na kikundi chao kilichokutana sambamba na cha watoto. Mpango ukajulikana kwa jina la Pamoja Tunaweza.

Mwanzoni watoto hufundishwa kwamba wanayoyasikia mwilini na moyoni yana maelezo: mtu aliyefiwa hushtuka, hukasirika, hukosa usingizi, wala si kwamba anarukwa na akili au amerogwa. Hufundishwa kupumua taratibu na kulegeza mwili. Hufundishwa majina ya hisia, jambo linaloonekana dogo mpaka umuulize mtoto wako wa kiume anajisikiaje na akujibu “poa” mara nne mfululizo. Kisha huonyeshwa namna wazo linavyozaa hisia, na hisia inavyozaa tendo.

Hilo la wazo lina uzito kuliko linavyoonekana. Watoto hujilaumu kwa vifo. Mtoto wa miaka minane anaweza kuamini kwamba mama alikufa kwa sababu alimsumbua usiku akitaka maji, au kwamba baba alipata ajali kwa kuwa yeye alimkasirikia asubuhi ile. Hakuna mtu mzima anayejua, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mtoto hubeba kosa lisilo lake miaka na miaka, na wewe unaona tu kwamba amekuwa mkaidi na hasomi.

Baadaye huja sehemu ngumu. Katika vikao vya peke yake, mtoto husimulia kilichotokea, kidogo kidogo, kuanzia yasiyotisha sana. Wiki inayofuata hurudia na kuongeza. Walezi wengi wangelipinga hili: kwa nini kumkumbusha mtoto machungu? Jibu la wataalamu ni kwamba hajasahau. Anachofanya ni kukwepa, na kila anapokwepa, hofu hupata nguvu. Anayeogopa kupita njia iliyotokea ajali huanza kwa kuzunguka barabara moja, mwishowe hatoki nyumbani. Akiisimulia habari ile mahali salama, mara kadhaa, mwili hujifunza kwamba kumbukumbu ni kumbukumbu, haiwezi kumdhuru tena.

Mlezi naye huandaliwa ili aisikie simulizi hiyo bila kumkatisha, bila kumfokea na bila kuangua kilio kabla ya mtoto. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye thamani kubwa ya mpango wote. Bibi aliyefiwa na binti yake, na mjukuu aliyefiwa na mama yake, wanaweza kuishi nyumba moja miaka mitatu kila mmoja akimficha mwenzake machozi, kila mmoja akidhani anamlinda mwenzake.

Mwisho huja majonzi yenyewe. Mtoto hutaja anachokikosa kwa marehemu na pia asichokikosa, maana wazazi wengine walikuwa wakali, wengine walilewa. Huruhusiwa kuyasema yote mawili. Kisha hutafuta namna ya kutunza kumbukumbu nzuri.

Na nani alifanya kazi yote hii? Si madaktari wa akili. Waliotoa tiba walikuwa watu wa kawaida wa maeneo hayo, wasio na taaluma ya afya ya akili, waliopewa mafunzo na kusimamiwa kila wiki na msimamizi wa hapa hapa, ambaye naye alikuwa akiwasiliana na wataalamu walioko Marekani. Katika nchi ambayo wilaya nyingi hazina hata mtaalamu mmoja wa saikolojia ya watoto, jambo hilo pekee lilistahili kupimwa.

Matokeo yaliyogawanyika

Miezi mitatu baada ya kura, tiba ilipokwisha, watoto walipimwa. Katika maeneo matatu kati ya manne, waliopata tiba walikuwa na nafuu kuliko wenzao: vijijini Bungoma, ambako tofauti ilikuwa kubwa sana, mjini Bungoma, na mjini Moshi. Vijijini upande wa Tanzania, tofauti haikuonekana.

Mwaka mmoja baada ya tiba kwisha, wakapimwa tena. Kenya tofauti ilikuwa bado ipo, mjini na vijijini. Tanzania ilikuwa imetoweka.

Soma sentensi hiyo vizuri, maana ni rahisi kuielewa vibaya. Watoto wa Moshi waliotibiwa walipata nafuu. Kilichotokea ni kwamba wenzao ambao hawakutibiwa nao walipata nafuu, wakawafikia. Hapo ndipo unapoona kwa nini lile jaribio la watoto 64 halikutosha. Nafuu ya wale 64 ilikuwa ya kweli, lakini bila kundi la kulinganisha hakuna aliyeweza kujua kiasi gani kilitokana na tiba na kiasi gani kilitokana na siku kupita.

Kwa hiyo aliyesema “atazoea tu” alikuwa sahihi? Kwa watoto wengi wa Moshi, baada ya mwaka na zaidi, ndiyo. Siwezi kulificha hilo. Lakini mtoto wa miaka tisa aliyepata nafuu Machi badala ya Machi ya mwaka unaofuata ameokoa mwaka mzima wa darasa la tatu, mwaka wa kulala usingizi, mwaka wa kucheza na wenzake. Mtu mzima anaweza kuuona mwaka ni kitu kidogo. Mtoto hana miaka mingi ya kupoteza.

Tofauti ya Bungoma na Moshi

Watafiti wenyewe walitoa maelezo yanayoingia akilini. Watoto wa Bungoma walikuwa na maisha magumu zaidi: uhaba wa chakula ulikuwa mkubwa, afya ya walezi wao ilikuwa duni, na walikuwa wamekutana na matukio mengi zaidi ya kutisha. Penye dhiki nyingi, muda peke yake hautibu. Pale ndipo tiba ilipoleta tofauti kubwa, na tofauti hiyo ikadumu.

Ukigeuza maelezo hayo, yanasema jambo kuhusu Moshi. Mtoto aliyefiwa lakini anayekula, anayesoma, anayelelewa na mtu mwenye afya na asiyehamishwa hamishwa, ana nafasi nzuri ya kuinuka. Kikundi hichohicho cha watafiti kiliwahi kufuatilia yatima katika nchi tano, Moshi ikiwa mojawapo ya maeneo yao, na kikaonyesha kwamba kifo cha mzazi mara nyingi hakiji peke yake. Hufuatana na kuhama nyumba, kupigwa, kutenganishwa na ndugu, njaa.

Mfikirie mama wa Shirimatunda, ndani ya Manispaa ya Moshi, anayelea watoto watatu wa marehemu dada yake. Yeye ni mama yao mdogo. Ana chumba na sebule, na wanaye wawili. Ukoo umekaa kikao: mmoja aende kwa baba mkubwa Arusha, mmoja kwa bibi mlimani, mdogo abaki mjini. Kwa hesabu ya chakula na ada, kikao kimefanya kazi nzuri. Kwa mtoto, ni misiba mitatu katika mwezi mmoja: mama, kisha dada, kisha shule. Sisemi ukoo usigawane mzigo. Nasema kwamba kama kuna namna ya kuwaacha wawili wakae pamoja, au wakutane kila likizo, hilo nalo ni tiba, na halihitaji mshauri kutoka popote.

Vilevile ugomvi wa kihamba. Watoto husikia. Wanajua nani anataka kumfukuza nani, nani amesema mama yao hakuolewa kihalali. Mkitaka kugombea mipaka, basi msigombee mbele yao.

Nina wazo jingine, na hili ni langu, si la watafiti. Watoto wote 640, hata wale ambao kura haikuwapa tiba, walitembelewa mara kadhaa na mtu mzima aliyekaa chini na kuwauliza: unalala vipi, unaogopa nini, unamkumbuka nani. Kwa watoto wengi huenda ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa. Sijui kiasi gani cha nafuu yao kinatokana na hilo, lakini singeshangaa kama kipo.

Kwingine wamepima nini?

Moshi na Bungoma hawako peke yao. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda, eneo lililoumizwa sana na UKIMWI. Watafiti, akiwamo Paul Bolton, hawakuanza na maneno ya vitabuni. Waliwauliza wanavijiji wenyewe wanaiitaje huzuni inayomlemea mtu, wakapewa maneno mawili ya Kiganda, moja likihusu mtu kujichukia na jingine kujihurumia. Ndipo wakaunda vikundi, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, vikikutana wiki 16 chini ya wenyeji waliofunzwa. Baada ya hapo, waliobaki na sonona katika vijiji vilivyopewa vikundi walikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji vingine walikuwa asilimia 54.7. Tofauti kama hiyo huioni mara nyingi katika tiba yoyote.

Ungedhani basi tiba hiyo ipelekwe kila mahali. Ilipelekwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa vijana 314 waliokuwa kambini wakati wa vita. Wasichana walipata nafuu. Kwa wavulana, nafuu haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika. Na kundi la tatu, lililopewa michezo na sanaa badala ya tiba, halikutofautiana na waliokuwa wakisubiri zamu yao. Mipira na rangi za kuchorea ni vitu vizuri kwa watoto, ila kwa vijana wale havikutibu sonona, na bila kupima tungeendelea kuamini kwamba vinatibu.

Zimbabwe kuna benchi. Daktari Dixon Chibanda aliwafunza wanawake wa rika la bibi, wahudumu wa kliniki za Harare, kukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao na kumsaidia achague tatizo moja, alitafutie njia, akalijaribu, kisha arudi. Jaribio la mwaka 2016 lilihusisha watu 573 katika kliniki 24. Miezi sita baadaye, wenye dalili za sonona walikuwa chini ya asilimia 14 kwa waliokaa kwenye benchi, na karibu nusu ya wale wengine.

Wenye watoto sekondari watavutiwa na Kenya. Mpango wa Shamiri, ulioanzishwa na Mkenya Tom Osborn, uliwatumia vijana wa miaka 18 hadi 22 waliotoka tu kumaliza sekondari kuwaongoza wanafunzi katika vikao vinne vya saa moja, kimoja kwa wiki. Hawakuzungumzia magonjwa. Walizungumzia kwamba mtu anaweza kubadilika, kushukuru, na kujua unachokithamini. Wanafunzi 413 wa shule nne walishiriki, na waliolinganishwa nao hawakuachwa mikono mitupu: walifundishwa mbinu za kusoma, kwa muda uleule. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini la Shamiri lilipata zaidi, katika sonona na katika wasiwasi pia. Matokeo yalitoka mwaka 2021.

Na hapa nyumbani, KCMC kumekuwa na Sauti ya Vijana, mpango wa vijana wanaoishi na Virusi vya UKIMWI. Viongozi wa vikundi ni vijana wenyewe, na walezi huitwa katika baadhi ya vikao. Jaribio la awali, lililohusisha vijana 105 wa miaka 12 hadi 24, lilichapishwa mwaka 2020 likiongozwa na Dorothy Dow wa Duke pamoja na wenzake wa Tanzania, akiwamo Profesa Blandina Mmbaga. Jaribio la awali hupima kama jambo linawezekana, halithibitishi kama linatibu, ndiyo maana jaribio kubwa zaidi likapangwa kwa miji minne: Moshi, Mwanza, Mbeya na Ifakara.

Kwa mlezi mwenye mtoto aliyefiwa

Wiki na miezi ya kwanza, kulia, kukojoa kitandani, kung’ang’ania nguo yako na kushuka kwa alama darasani ni mambo ya kawaida. Mwambie ukweli kwa maneno ya umri wake. “Mama amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na wewe hukumsababishia.” Maneno ya imani yaongeze kama ndiyo imani yenu, lakini yasichukue nafasi ya hayo. “Amesafiri” humfanya mtoto asubiri, na “amelala” kuna watoto humfanya aogope kulala.

Kilimanjaro tuna jambo ambalo wengine hawana. Marehemu wengi wamelala nyumbani, kwenye kihamba, hatua chache kutoka mlangoni, na Desemba ukoo wote hupanda mlimani. Kuna watoto wanaoliogopa kaburi hilo na watu wazima wanaowapitisha haraka. Mruhusu asimame pale kama anataka. Mwache apande ua. Mwambie habari za mama yake alipokuwa msichana. Asipotaka, usimlazimishe mwaka huu.

Ikipita miezi sita na bado halali, bado anakwepa hata kutajwa jina la marehemu, amejitenga na wenzake au ameacha mambo aliyoyapenda, usiendelee kusubiri. Na usisubiri hata wiki kama maisha yake mengine yamevurugika pia, yaani njaa, kipigo, kuhamishwa mara kwa mara, mlezi mgonjwa. Huyo ndiye mtoto anayefanana na wale wa Bungoma. Akisema anataka kufa au kumfuata mama, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na usimwache peke yake. Moshi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi na KCMC. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako anaweza kukuelekeza, na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure kutoka popote Tanzania.

Siku hizi washauri ni wengi, wa bure na wa kulipia, wengine na vyeti vyao ukutani. Uliza bila aibu, kama unavyomuuliza fundi kabla hajabomoa ukuta. Tiba hii inaitwaje, na imewahi kupimwa kwa watoto wa umri huu? Nani alikufundisha, na nani anakusimamia sasa? Mimi mlezi nitashiriki wapi? Tutajuaje kama inasaidia? Na akikuambia mtoto awe anakuja kila wiki bila kutaja kikomo, muulize mwisho ni lini. Watoto wa Moshi walikwenda wiki 12.